Meza ya Fundi: Maswali yenu kuhusu roboti inayofuata mwanga

Tangu nilipogusia roboti inayofuata mwanga katika safu hii, barua za wanafunzi zimezidi zile za redio na pasi zikijumlishwa. Nimezisoma kwa furaha kubwa. Nimechagua zinazobeba maswali ya wengi, nimezifupisha na kuacha majina. Jibu la kwanza ni refu kwa sababu mengine yanasimama juu yake, kwa hiyo anayetaka kujenga aanze hapo hata kama swali lake liko mbele.

Shikamoo Fundi. Sisi ni wanafunzi wanne wa sekondari na tunataka kutengeneza roboti inayofuata tochi kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Kila maelezo tunayoyapata yanataka Arduino (ule ubao mdogo wa kompyuta unaowekewa programu) na vifaa vingi, na fedha yetu ni ndogo. Je, Arduino ni lazima? Na kama tunaweza kununua kitu kimoja tu kilicho kizuri, tununue kipi?

Marahaba wanangu. Si lazima. Roboti yenu ya kwanza haihitaji programu hata mstari mmoja. Inahitaji macho mawili, transista mbili (swichi ambazo umeme mdogo hufungulia umeme mkubwa) na mota mbili. Na kama fedha inatosha kitu kimoja kizuri, nunueni mota zenye gia. Ubao wa programu unaweza kusubiri, fremu inaweza kuwa kadibodi, lakini mota isiyo na nguvu itawavunja moyo hata saketi ikiwa safi.

Tuanze na jicho. Jicho ni kile kidude cha duara chenye mstari uliojipindapinda usoni, ambacho wauzaji hukiita LDR. Uso wake umepakwa kadimiamu salfaidi, na mwanga ukiupiga, ukinzani wake kwa umeme hushuka. Aina moja ya kawaida, GL5528, huwa na kati ya kiloomu 8 na 20 kwenye mwanga hafifu wa lux 10 (lux ni kipimo cha mwanga). Gizani hupanda hadi megaomu 1 au zaidi, na ukiimulika kwa tochi ya karibu hushuka sana, mara nyingi chini ya kiloomu 1. Kabla hamjaunga waya wowote, chukueni malitimita (kile kipimo cha umeme), wekeni kwenye omu, pimeni kila LDR mara tatu: mkizifunika, mkiziacha kwenye mwanga wa chumba, na mkizimulika. Andikeni namba hizo daftarini. Nasisitiza hili kwa sababu namba za chumba chenu ndizo zitakazoamua saketi yenu, na namba za mtu mwingine hazitawafaa.

Sasa saketi. Nguvu itoke kwenye betri nne za AA zilizofuatana, jumla volti 6. Kwa upande mmoja wa roboti, toka chanya nenda kwenye LDR, toka LDR pitia rezista (kifaa cha kuukinza umeme) ya kiloomu 1, halafu ingia kwenye besi ya transista TIP122. Miguu yake mitatu inaitwa besi, kolekta na emita; besi ndiyo inayoifungua. Kwenye besi hiyohiyo unga pia rezista ya kuzungusha ya kiloomu 10, ukitumia mguu wake wa kati na mmoja wa pembeni, upande wa pili uende hasi. Emita iende hasi. Kolekta iende kwenye mota, na mguu wa pili wa mota uende chanya. Rudieni yaleyale kwa upande wa pili. Hiyo ndiyo saketi nzima, ukiacha dayodi nitakazozieleza hapo chini.

Inafanyaje kazi? LDR na rezista ya kuzungusha zinagawana zile volti 6. Gizani LDR ina ukinzani mkubwa, inashikilia karibu volti zote, na besi inabaki bila kitu. Mwanga ukija, LDR inalegea na volti kwenye besi inapanda. Ikikaribia volti 1.4 hivi, TIP122 inafunguka na mota inazunguka. Ile rezista ya kuzungusha ndiyo mizani yenu: mkiipunguza, jicho linadai mwanga mkali zaidi ndipo liamshe mota. Kwa hiyo mtaizungusha mpaka taa ya chumba isiweze kuamsha mota peke yake lakini tochi iweze. Ile ya kiloomu 1 kazi yake ni kulinda, maana juani LDR inaweza kushuka hadi omu mia chache na mkondo ukawa mwingi mno kwa besi na kwa LDR yenyewe.

Mtaniuliza kwa nini TIP122, na si zile transista ndogo nyeusi kama BC547 ambazo ziko kila mahali. BC547 mwisho wake ni miliampea 100. Mota ndogo ya njano yenye gia, ile ya uwiano wa 1:48, hula zaidi ya hapo ikitembea na mzigo, na ikikwama au inapoanza kuzunguka inaweza kufika karibu ampea 1. BC547 itaungua. TIP122 inabeba hadi ampea 5, na ndani yake kuna transista mbili zilizofuatana, kwa hiyo mkondo mdogo unaopita kwenye LDR unatosha kuifungua. Hasara yake ni kwamba inabaki na karibu volti 1 ya betri, mota inapata kama 5. Kwa kazi hii zinatosha kabisa.

Msisahau dayodi moja (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwa kila mota, 1N4007 inafaa. Iungeni sambamba na mota, ule mstari wake mweupe ukielekea chanya. Mota inapozimwa ghafla koili zake hurusha volti kali kinyumenyume, na dayodi huipa njia ya kuzunguka hadi iishe badala ya kuitoboa transista. Kuna dayodi ndani ya TIP122, lakini hiyo imekaa kati ya kolekta na emita na haifanyi kazi hii.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo roboti inapopata akili. Jicho la kushoto liamshe mota ya kulia, na jicho la kulia liamshe mota ya kushoto. Nyaya zipishane. Tochi ikiwa kushoto, jicho la kushoto linaona zaidi, gurudumu la kulia linasukuma, na roboti inageuka kushoto, yaani kuelekea tochi. Ikishaielekea, macho yote mawili yanaona, mota zote zinazunguka, na inakwenda mbele. Hakuna sehemu yoyote ya roboti hii inayojua tochi iko wapi. Kuna macho mawili yanayoona tofauti, na tofauti hiyo inageuka kuwa mwendo. Mkimweleza hivyo mgeni wa maonyesho, mtakuwa mmemweleza jambo lenyewe.

Kwa sababu tofauti ndiyo kila kitu, ikuzeni. Elekezeni kila jicho nje kidogo, kama nyuzi 45 kutoka mbele, na simamisheni kipande cha kadibodi nyeusi katikati yake kama pua. Mwanga ukitoka kando, pua inatupa kivuli kwenye jicho la pili. Urefu wa sentimita 4 au 5 ni mwanzo mzuri. Kisha zungushieni kila LDR kijibomba cha karatasi nyeusi au utepe mweusi wa umeme ili isipokee mwanga wa dari. Mrija wa plastiki unaopitisha mwanga haufai, hata ukiwa na rangi. Nimeona miradi mingi iliyolaumu transista wakati kilichokosekana ni kivuli.

Mwili uwe mwepesi. Kadibodi ya tabaka mbili iliyogundishwa inatosha. Magurudumu yanaweza kuwa vifuniko vya mitungi ya plastiki vyenye kipenyo cha sentimita 6 hivi, vikivalishwa mpira wa kufungia karatasi ukingoni ili vishike sakafu. Sishauri CD, ingawa nyingi zimelala bure. Kipenyo chake ni sentimita 12, na gurudumu likiwa kubwa hivyo roboti inakwenda mbio kuliko macho yake yanavyoweza kuitikia, huku nguvu ya kusukuma ikipungua. Gurudumu la tatu lisilo na mota linaweza kuwa gololi ndani ya kifuniko, au hata kifuniko laini kinachoteleza. Betri zikae karibu na magurudumu yenye mota, maana gurudumu lisilo na uzito juu yake huteleza palepale.

Kama mota zenye gia hazipatikani na mnazo zile za vinyago au za vicheza CD vibovu, fahamuni kwamba zinazunguka maelfu ya mizunguko kwa dakika bila nguvu ya kusukuma. Msizifunge magurudumu. Zilazeni mshazari ili mhimili wenyewe, uliovalishwa kipande cha mpira wa waya, uguse sakafu. Mhimili mwembamba unafanya kazi ya gia. Itatembea, ila kwenye sakafu laini tu.

Fundi, roboti yetu inaukimbia mwanga! Na ya kundi la pili inazunguka palepale hata tukizima taa. Tumebadilisha transista na hali ni ileile.

Acheni kubadilisha transista. Roboti inayoukimbia mwanga ni nzima kabisa, ila nyaya zake hazikupishana: jicho la kushoto limeungwa kwenye mota ya kushoto. Badilishaneni nyaya za mota mbili na itageuka. Lakini kabla ya kufanya hivyo, nawaomba muicheze kidogo ilivyo. Mwaka 1984 mtafiti wa ubongo Valentino Braitenberg alieleza vigari vya kufikirika vilivyoundwa hivihivi, kimoja nyaya zikienda moja kwa moja na kingine zikipishana, akaonyesha kwamba mtazamaji atakiona cha kwanza kuwa kioga na cha pili kuwa kikali. Ninyi mnavyo vyote viwili mezani kwa kuhamisha waya tu. Wekeni swichi ya kubadilishia nyaya na maonyesho yenu yatakuwa na jambo la kuwasimamisha watu.

Kwa kundi la pili, inueni roboti magurudumu yaelee, kisha fanyeni jaribio la kidole. Funikeni macho yote mawili. Mota zote zinapaswa kusimama. Fungueni jicho la kushoto peke yake na limulikeni: gurudumu la kulia peke yake lizunguke, tena kwenda mbele. Halafu jicho la kulia vivyo hivyo.

Gurudumu likizunguka nyuma, geuzeni nyaya mbili za mota hiyo, pamoja na kuhakikisha mstari wa dayodi unabaki kuelekea chanya. Gurudumu lisilosimama hata jicho likifunikwa, punguzeni rezista ya kuzungusha ya upande huo. Lisiposimama bado, tazameni miguu ya transista. TIP122 ukiishika maandishi yakikutazama, miguu kutoka kushoto ni besi, kolekta, emita. Wengi huidhania emita kuwa katikati.

Na mota zote mbili zikizunguka pamoja kwa jicho moja, tazameni migongo ya transista. Bati la mgongoni mwa TIP122 limeungana na kolekta. Transista mbili zikisimama karibu migongo ikagusana, mota zenu zimeungwa pamoja bila ninyi kuona waya wowote. Zitenganisheni au wekeni karatasi ngumu katikati. Kosa hili haliwezi kuonekana kwenye mchoro, na ndiyo maana wanafunzi makini huzunguka nalo wiki nzima.

Upande mmoja ukiwa mwepesi kuamka kuliko mwingine, hilo si kosa la kuunga. LDR mbili za aina moja hazilingani. Nimetaja hapo juu kwamba kiwandani kwenyewe zinaruhusiwa kutofautiana kati ya kiloomu 8 na 20. Sawazisheni kwa rezista za kuzungusha, tochi ikiwa mbele kabisa katikati, mpaka roboti iende mstari mnyoofu.

Tunatumia betri ya volti 9, ile ya mraba. Roboti inatembea dakika chache inakata. Tumejaribu mpya, ni vilevile.

Betri hiyo imetengenezwa kwa vitu vinavyokunywa umeme kidogo kidogo, kama kengele ya moshi au malitimita. Ndani yake kuna seli sita ndogo sana, na ukinzani wake wa ndani ni mkubwa, kwa hiyo mota mbili zikianza kuvuta, volti zake zinaporomoka. Hata ikiwa mpya. Nne za AA zina volti chache lakini zina mkondo, na mkondo ndio mota inaoutaka. Mkiweza kupata za kuchajiwa za nikeli, kila moja ni volti 1.2, nne zinatoa 4.8, roboti itakwenda taratibu kidogo na mtaokoa fedha nyingi kwa muda wote wa majaribio.

Mwalimu mwenzangu, nafundisha fizikia. Darasa langu ni kubwa, malitimita ni moja, na nimepewa mfuko wa LDR na mota chache. Nifanyeje ili mradi huu uwe somo, usiwe mchezo wa wanafunzi wawili wenye vipaji huku wengine wakitazama?

Mwalimu, swali lako limenigusa. Mfuko wako wa LDR ni hazina kuliko mota. Usianze na roboti. Washa taa moja, weka LDR zote umbali uleule kutoka kwenye taa, na kila mwanafunzi apime moja na kuandika namba yake ubaoni. Darasa zima litaona kwa macho kwamba vitu vilivyoandikwa jina moja havilingani. Kisha waambie watafute wenza: kila LDR iolewe na ile inayoikaribia zaidi. Hao ndio macho ya roboti moja. Malitimita moja inatosha kwa sababu kupima LDR moja ni kazi ya sekunde chache.

Siku inayofuata wapime jinsi ukinzani unavyobadilika taa ikisogezwa mbali. Tumia balbu tupu, si tochi. Mwanga wa balbu ndogo hupungua kwa mraba wa umbali, umbali ukiwa mara mbili mwanga unabaki robo, lakini kioo cha tochi hukusanya mwanga na kuharibu hesabu hiyo kwa karibu. Ukinzani wa LDR haufuati mwanga kwa mstari mnyoofu, na hilo lenyewe ni somo. Waache wachore grafu, wauone mkunjo, wabishane.

Hapo ndipo makundi yajenge. Mota zikiwa chache, kila kundi lijenge kichwa chake, yaani macho, pua na rezista, na mwili mmoja wenye mota na transista utumiwe kwa zamu. Vichwa viungwe kwa nyaya nne tu: chanya, hasi, na mbili za kwenda kwenye besi. Ningependa alama nyingi ziende kwenye daftari: walibadilisha nini, walitarajia nini, walipata nini. Kundi lililojaribu pua ya sentimita 2, 4 na 8 na kuandika upana wa pembe ambamo roboti huipata taa limefanya sayansi, hata kama roboti yake ni mbaya kwa sura.

Na wasimulie wametanguliwa na nani. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 huko Marekani, John Hays Hammond na Benjamin Miessner walitengeneza sanduku la magurudumu matatu lililofuata taa ya mkononi, likiitwa mbwa wa umeme. Macho yake yalikuwa seleniamu, elementi ambayo Willoughby Smith aliripoti mwaka 1873 kwamba ukinzani wake hushuka ikipigwa na mwanga. Halafu mwaka 1948 na 1949 mjini Bristol, Uingereza, mtafiti wa ubongo William Grey Walter aliunda kobe wawili wa mashine, Elmer na Elsie. Kila mmoja alikuwa na jicho moja tu la mwanga na valvu mbili za redio, zile chupa za kioo zilizofanya kazi ya transista. Jicho hilo liligeuka pamoja na gurudumu la mbele, likipekua chumba, na betri iliposhuka kobe alivutwa na taa ya kibanda chake, akarudi kuchajiwa. Valvu mbili! Mwanafunzi anayedhani hawezi kuanza mpaka apate kompyuta nzuri anastahili kuisikia habari hiyo kutoka kwako.

Mimi ninayo Arduino Uno tayari. Nimeunga LDR mbili na nimeandika programu: kushoto kukizidi kulia, pinda kushoto, kulia kukizidi, pinda kulia. Roboti inatikisika kichwa muda wote kama inakataa. Na wakati mwingine programu inaanza upya yenyewe.

Kutikisika kunatokana na programu yako. Umeiambia igeuke kwa nguvu zote hata tofauti ikiwa ndogo mno, na LDR yenyewe ni nzito kuitikia: inahitaji makumi ya milisekunde kuona kwamba mwanga umebadilika. Ikija kuona, roboti imeshapita. Ifanye igeuke kwa kadiri ya tofauti. Uno inasoma kila jicho kama namba kati ya 0 na 1023. Hakikisha umeunga LDR upande wa volti 5 na rezista ya kiloomu 10 upande wa hasi, ili mwanga ukiongezeka namba ipande. Kisha hesabu hivi:

tofauti = (kushoto − kulia) / (kushoto + kulia)
mota ya kulia = kasi + K × tofauti
mota ya kushoto = kasi − K × tofauti

Hapo kasi ni mwendo wa kawaida wa mota, na K ni namba unayoichagua mwenyewe, ukali wa kugeuka. Kugawa kwa jumla ni muhimu. Bila hivyo, tofauti inakuwa namba ndogo roboti ikiwa mbali na kubwa mno ikiwa karibu, na K iliyofaa mlangoni haitafaa dirishani. Tumia namba za desimali kwenye mstari huo wa kwanza, maana kwa namba kamili jibu litakuwa sifuri karibu kila mara. Jumla yenyewe ikiwa ndogo sana chumba ni giza, basi iambie isimame. Anza na K ndogo, iongeze mpaka ianze kutikisika, kisha irudishe nyuma kidogo.

Mambo mawili zaidi kwenye programu. Taa za umeme wa hezi 50 huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo soma kila jicho mara nyingi ndani ya milisekunde 20 na uchukue wastani. Na amri ya kasi inakwenda 0 hadi 255, lakini mota haianzi kuzunguka kwenye 1. Kila mota ina namba yake ya kuamkia. Itafute kwa majaribio, na kasi yako ianzie juu ya hapo.

Kuanza upya ni suala la nguvu. Mota zinapoamka zinavuta mkondo mkubwa kwa ghafla, volti zinazama, na chipu ya Uno inajizima na kuwaka tena. Ipe Uno betri yake na mota betri zao, lakini unganisha hasi zote pamoja. Bila hasi ya pamoja, ishara ya Uno haina njia ya kurudi na mota hazitasikia. Kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo) ya mikrofaradi 470 kwenye nyaya za betri ya mota inasaidia, na kapasita ndogo ya nanofaradi 100 ilehemiwe moja kwa moja kwenye miguu ya kila mota ili kunyamazisha kelele za brashi. Natumaini mota hukuziunga kwenye pini za Uno. Pini moja isibebeshwe zaidi ya miliampea 20 kwa kazi ya kawaida, na 40 ni kikomo cha kuharibika. Tumia TIP122 zilezile, rezista ya kiloomu 1 ikiwa kati ya pini na besi, au chipu ya L293D, ambayo inabeba miliampea 600 kwa kila mota na inaweza pia kuzirudisha nyuma.

Ndugu Fundi, binti yangu ana miaka kumi na mbili na anataka kujenga roboti hii. Napenda ajifunze, lakini naogopa umeme na moto. Kuna hatari gani?

Ndugu mzazi, mwache ajenge, na ukipata nafasi kaa naye. Volti 6 za betri za AA haziwezi kumrusha. Ila shoti kwenye betri yoyote hutoa joto, kwa hiyo aweke swichi kwenye waya wa chanya na aizime kila anapobadilisha kitu. Waya au betri ikipata moto, azime kwanza, maswali baadaye.

Nina katazo moja ambalo nalitamka bila kulainisha: asitumie seli za lithiamu zilizotolewa kwenye kompyuta au simu za zamani. Seli moja ya aina hiyo ikipigwa shoti, ikitobolewa au ikichajiwa kupita volti 4.2 inaweza kuwaka, na moto wake hauzimiki kirahisi. Bure yake ni ghali. Nguvu ya mtoto anayeanza ni AA.

Kwa kulehemu, dirisha liwe wazi, avae miwani, na anawe mikono kabla ya kula kwa sababu waya wa kulehemu mara nyingi una madini ya risasi, ambayo ni sumu. Akitaka kuanza bila moto kabisa, atumie bredibodi (ubao wa matundu wa kuchomekea vifaa) na nyaya za kuchomeka. Saketi hii yote inaingia humo. LDR ina kadimiamu, ambayo ni sumu, lakini imefunikwa na haidhuru mtu akiishika. Asiikwaruze wala kuichoma, na ile iliyovunjika isiachwe mahali ambapo mtoto mdogo ataiweka mdomoni.

Roboti yetu, ya transista tu, inaifuata taa vizuri lakini inaigonga. Tunataka isimame mbele yake bila kununua kitu kingine.

Ivalisheni kofia. Inueni taa juu ya stendi ili iwe juu ya macho ya roboti, tuseme kwa sentimita 30. Kisha wekeni kipande cha kadibodi nyeusi juu ya macho, sentimita 2 juu yake, na kitokeze mbele sentimita 2. Kofia hiyo inaziba mwanga wote unaotoka juu ya nyuzi 45. Roboti ikiwa mbali, taa inaonekana chini ya ukingo wa kofia na mota zinazunguka. Ikifika sentimita 30 kutoka chini ya taa, kivuli cha kofia kinaangukia macho na mota zinazima. Itateleza kidogo kwa kasi iliyokuwa nayo, kwa hiyo achieni nafasi, na sakafu isiwe nyeupe ya kung'aa, maana mwanga utarudi kutoka chini. Fupisheni kofia mkitaka isogee karibu zaidi, irefusheni mkitaka isimame mbali.